Hesabu Mbili Kabla ya Kura

Tarehe 11 Juni 1982 wananchi wa Mauritius walikwenda vituoni kupiga kura. Matokeo yalipotangazwa ilidhihirika kuwa chama cha upinzani cha mrengo wa kushoto, Mouvement Militant Mauricien, kinachofahamika zaidi kwa herufi zake tatu MMM, pamoja na mshirika wake, Parti Socialiste Mauricien, kimetwaa viti vyote 60 vya kisiwa kikuu. Hakikusalia hata kimoja. Mzee Seewoosagur Ramgoolam, aliyeiongoza nchi hiyo tangu ilipopata uhuru tarehe 12 Machi 1968, alishindwa katika jimbo lake mwenyewe. Ushindi wa namna hiyo ni nadra kuonekana katika nchi yoyote yenye vyama vingi. Hata hivyo haukutimia mwaka mmoja kabla serikali hiyo mpya kupasuka mapande mawili, na mwezi Agosti 1983 wananchi wale wale wakaitwa tena vituoni.

Tunairejea habari hiyo kwa sababu inatuhusu sisi wakaazi wa visiwa kuliko inavyowahusu watu wa bara. Kila uchaguzi unapokaribia, mabishano huwa makubwa juu ya nani atashinda, na huwa madogo mno juu ya nini kitafuata baada ya ushindi. Chama cha upinzani husema serikali imechoka. Serikali nayo husema wapinzani hawana uzoefu. Mwananchi husikiliza pande zote mbili, akarudi nyumbani bila ya kuambiwa mambo mawili ambayo ndiyo hasa yatakayoamua maisha yake: nani atalipa gharama za ahadi zinazotolewa, na nani atakuwa na kauli ya mwisho ndani ya serikali itakayoundwa. Maoni yetu ni kwamba chama kisichotoa hesabu hizo mbili kabla ya kura hakijawa tayari kutawala, hata kama kimekwisha kuwa tayari kushinda. Historia ya MMM inathibitisha jambo hilo waziwazi.

Chama hicho kilianza mwaka 1969. Miongoni mwa waasisi wake alikuwemo Paul Bérenger, kijana wa ukoo wa Wazungu wa kisiwani wenye asili ya Kifaransa, aliyesoma Wales na kisha kuwapo Paris wakati wa machafuko ya wanafunzi na wafanyakazi ya Mei 1968. Alikuwemo pia Dev Virahsawmy, mtaalamu wa lugha aliyekipigania Kikrioli, lugha inayosemwa na watu wengi kisiwani lakini iliyokuwa ikidharauliwa maofisini na mashuleni. Vijana hao walisema kuwa siasa ya Mauritius imejengwa juu ya kabila na dini, kila kiongozi akitembea na watu wake, na kwamba mkata miwa wa Kihindu, kuli wa bandarini wa Kikrioli na kibarua Mwislamu wana shida moja na kwa hiyo wanahitaji chama kimoja.

Maneno hayo yalipata masikio kwa sababu uwanja ulikuwa mtupu. Katika uchaguzi wa mwaka 1967 chama cha PMSD, kilichopinga uhuru, kilipata takriban asilimia 44 ya kura. Lakini mwaka 1969 chama hicho hicho kiliingia serikalini pamoja na chama cha Labour cha Ramgoolam, na uchaguzi mkuu uliotazamiwa mwaka 1972 ukaahirishwa hadi 1976. Hivyo ndani ya Bunge upinzani ulikaribia kutoweka, ilhali nje ya Bunge vijana wasio na kazi walikuwa wakiongezeka. Mwaka 1970 Virahsawmy aligombea uchaguzi mdogo katika eneo la Triolet, ngome ya chama tawala, akashinda. Serikali ingelikuwa na busara ingeichukua kura ile kuwa ni salamu. Badala yake, migomo ya bandarini na mashambani ilipopamba moto mwaka 1971, ilitangaza hali ya hatari mwezi Disemba, magazeti yakawekewa ukaguzi, na Bérenger akatiwa kizuizini kwa sehemu kubwa ya mwaka 1972.

Matokeo ya hatua hizo yalikuwa kinyume cha yaliyokusudiwa. Aliyeingia kizuizini akiwa kiongozi wa wafanyakazi alitoka akiwa kiongozi wa taifa. Mwezi Mei 1975 wanafunzi wa sekondari waliandamana kwa maelfu kudai elimu iliyo bora na ya haki, na baada yake umri wa kupiga kura ukashushwa hadi miaka 18. Katika uchaguzi wa Disemba 1976 MMM kilipata viti 34 kati ya 70, kikawa chama kikubwa kuliko vyote, lakini kikapungukiwa na viti viwili tu kufikia wingi. Labour na PMSD wakaungana wakaunda serikali, na MMM kikabaki upinzani. Wasomaji wetu wenye umri mkubwa hawatashindwa kulielewa jambo hilo. Hapa kwetu, katika uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi Party ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini ikapata viti 13 tu kati ya 31, na ZNP na ZPPP zikaunda serikali kwa pamoja. Uchungu wa kuwa na watu wengi na kukosa serikali tunaujua, na matokeo yake pia tunayajua.

Ni haki kusema kuwa MMM walistahamili. Walikaa Bungeni miaka sita, wakiongozwa upande wa upinzani na wakili Anerood Jugnauth, na walitumia muda huo kuisoma serikali kwa karibu. Na hata walipokuwa nje ya serikali, sera zao zilizaa matunda. Serikali ya Ramgoolam, ikiona vijana wanaukimbilia upinzani, ilitangaza mwishoni mwa mwaka 1976 kuwa elimu ya sekondari itatolewa bila ya malipo kuanzia mwaka 1977. Mwanafunzi aliyekaa darasani mwaka ule hakuuliza ada yake imefutwa na chama gani. Hiyo ni faida ya upinzani ambayo watawala wengi hawapendi kuikiri: kwamba chama kinachoshindwa uchaguzi kinaweza bado kuibadilisha serikali.

Jambo jingine lililokuwa kubwa katika sera za MMM ni visiwa vya Chagos. Mwaka 1965, kabla ya kutoa uhuru, Uingereza ilivikata visiwa hivyo kutoka Mauritius, na baadaye kikubwa chao, Diego Garcia, kikageuzwa kituo cha kijeshi cha Marekani. Wenyeji waliondolewa wote, wa mwisho wakiwa mwaka 1973, wakatupwa katika mitaa ya kimaskini ya Port Louis na wengine Shelisheli. Chama tawala kilikuwa kigumu wa kusema, kwani viongozi wake ndio waliokuwapo makubaliano yalipofanywa. MMM waliipaza sauti: virudishwe, na Bahari ya Hindi isiwe uwanja wa mashindano ya mataifa makubwa. Wakati huo wengi waliyaona maneno hayo kuwa ni ndoto za vijana. Lakini msimamo huo ukawa msimamo wa taifa zima. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake kuwa kukatwa kwa visiwa hivyo hakukuwa halali, na mwezi Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kurudisha mamlaka ya visiwa hivyo kwa Mauritius, huku kituo cha Diego Garcia kikiendelea kwa kukodishwa. Mtu wa kisiwa hapaswi kukidharau chama kinachosema juu ya kipande cha ardhi kilicho mbali. Leo ni mbali, kesho ni mlangoni.

Sasa tuje kwenye hesabu ya kwanza, nayo ni hesabu ya Hazina.

Mauritius ya miaka ile ilisimama juu ya zao moja, sukari, kama Unguja na Pemba zilivyosimama juu ya karafuu. Bei ya sukari ilipopanda sana mwaka 1974, serikali ilitumia kwa mkono mkunjufu. Bei ikashuka, vimbunga vikapiga mashamba, bei ya mafuta ikapanda duniani, na deni likakua. Thamani ya rupia ilishushwa mwaka 1979 na tena mwaka 1981, kwa masharti ya mikopo ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mchele na unga, vyakula ambavyo kisiwa hicho huviagiza kutoka nje kama sisi tunavyoviagiza, vikawa ghali. Kufikia uchaguzi wa 1982 takriban mtu mmoja kati ya watano wenye uwezo wa kufanya kazi alikuwa hana kazi. Mwezi Agosti 1979 ulikuwapo mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa viwanda vya sukari, bandari na usafiri, na nguvu za mgomo huo zilibaki katika mioyo ya watu hadi siku ya kura.

Katika hali hiyo matumaini ya MMM ya kushinda yalikuwa makubwa, na hayakuhitaji mnajimu kuyaona. Lakini hapo hapo ndipo palipokuwa na hatari. Chama kilichoahidi kazi, kupunguza tofauti baina ya mwenye shamba na mkata miwa, na kuyaweka baadhi ya mashamba makubwa mikononi mwa umma, kilikuwa kinakwenda kurithi Hazina iliyokwisha kufungwa kwa masharti ya wakopeshaji. Ni kweli kwamba kabla ya uchaguzi viongozi walikwisha kupunguza ukali wa sera zao za mwanzo, na kwamba hawakumficha kila mtu hali ilivyo. Lakini katika mikutano ya hadhara ahadi ya mabadiliko ilisikika zaidi kuliko bei yake. Wahenga wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Bérenger, aliyekuwa mkuu wa migomo, akawa Waziri wa Fedha, na kalamu ile ile iliyoandika madai ya wafanyakazi ndiyo iliyobidi iandike bajeti ya kukaza mikanda. Waliomchagua wakashangaa, na wenzake wa Parti Socialiste wakaanza kumtazama kwa jicho la upande.

Sisi hatumlaumu kwa kukaza mikanda. Huenda hakukuwa na njia nyingine, na waliomfuata katika wizara hiyo nao waliendelea na njia hiyo. Tunasema tu kwamba mwananchi aliyetakiwa kufunga alistahili kuambiwa kabla ya kupiga kura, siyo baada yake. Mtu akiambiwa mapema hustahamili. Akishtukizwa huhesabu kuwa amedanganywa, hata kama hakudanganywa.

Hesabu ya pili ni hesabu ya kiti.

Chama kilichoanzishwa ili kuzika siasa ya ukabila kilipofika mlangoni mwa Ikulu kilikabiliwa na swali la kale: nani awe Waziri Mkuu? Mwenye nguvu katika chama, kwa kauli ya kila mtu, alikuwa Bérenger, Katibu Mkuu wake. Lakini wapiga kura wengi wa Mauritius ni Wahindu, na viongozi walihesabu kuwa nchi haitakubali kwa urahisi Waziri Mkuu asiye Mhindu. Hivyo Jugnauth akawekwa mbele. Harish Boodhoo, kiongozi wa Parti Socialiste aliyekuwa ametengana na Labour, akawa Naibu Waziri Mkuu. Kwa hesabu ya kura mpango huo ulikuwa mzuri, lakini kwa kuendesha serikali ulikuwa na shimo. Haikuwekwa wazi kama Waziri Mkuu ndiye atakayeamua, au ataamua chama na Katibu Mkuu wake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Haikuchukua muda. Kabla ya mwaka 1982 kwisha Bérenger alikwisha kujiuzulu na kurudi tena. Mwezi Machi 1983, katika sherehe za kutimiza miaka 15 ya uhuru, wimbo wa taifa ulitangazwa kwa Kikrioli, na mgogoro uliokuwa ukifukuta ukapata cheche. Palikuwapo pia mapendekezo ya kupunguza madaraka ya Waziri Mkuu na kuyagawa kwa Baraza la Mawaziri. Jugnauth alikataa, na Bérenger na mawaziri wengi wa MMM wakajiuzulu. Jugnauth akaunda chama chake, MSM, akaungana na Labour na PMSD, yaani wale wale aliowashinda mwaka mmoja nyuma, na katika uchaguzi wa Agosti 1983 akapata viti 41 kati ya 60. Chama kilichokuwa na kila kitu kikarudi upande wa upinzani. Hakikuondolewa na adui wala mabeberu, bali kilijiondoa chenyewe kwa sababu ya swali ambalo kingeweza kulijibu mezani kabla ya kampeni kuanza.

Asije msomaji akadhani kuwa hayo yalikuwa makosa ya ujana tu. Disemba 1995 MMM, safari hii kikiwa pamoja na Labour chini ya Navin Ramgoolam, mtoto wa yule mzee, kilishiriki tena katika kutwaa viti vyote 60. Juni 1997 Bérenger akaondolewa katika wadhifa wa Naibu Waziri Mkuu na ushirika ukafa. Ushindi kamili ulikuja mara ya pili, na mara ya pili ukashindwa kukaa.

Lakini upo mfano wa tatu, na huo ndio tunaoutaka viongozi wausome kwa makini. Mwaka 2000 Jugnauth na Bérenger walipatana, na safari hii waliwaambia wananchi masharti kabla ya kura: Jugnauth atakuwa Waziri Mkuu kwa miaka mitatu ya mwanzo, kisha atampisha Bérenger kwa miaka miwili iliyobaki. Wapinzani wao walisema watu hao hawataaminiana. Wananchi waliusikia mpango huo, wakaupima, wakaupa kura. Mwezi Septemba 2003 Jugnauth aliondoka kama alivyoahidi, na Bérenger akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo asiye Mhindu. Mbingu hazikuanguka. Mwaka 2005 alishindwa katika uchaguzi akakabidhi madaraka kwa amani. Watu walikuwa ni wale wale, chuki za zamani zilikuwa zile zile, na kisiwa kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kwamba hesabu ya kiti ilifanywa mbele ya watu na kabla ya kura. Mwezi Novemba 2024 MMM kilikuwa tena ndani ya ushirika uliotwaa viti vyote 60 vya kisiwa kikuu, na Bérenger akateuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu; kwa hiyo somo hili halijapitwa na wakati hata kidogo.

Kwa watumishi wa serikali tunayo maneno machache, nayo tunayasema kwa heshima. Hali ya hatari ya mwaka 1971 na kuahirishwa kwa uchaguzi havikuidhoofisha MMM. Vilikipa chama hicho miaka ya kujijenga na malalamiko ya kujijengea. Afisa anayekizuilia chama mkutano, anayemkatalia mtu huduma kwa sababu ya kadi aliyonayo mfukoni, au anayedhani kuwa uaminifu kwa nchi ni uaminifu kwa waliomo ofisini, hailindi serikali, bali anaichimbia. Na tuwape sifa wanaostahili: mwaka 1982 chama kilichoshindwa kilikubali kushindwa, ofisi zikafunguliwa asubuhi, na mshahara wa mwalimu haukungoja kujua nani ameshinda. Mzee Ramgoolam, aliyepoteza kiti chake, mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa Gavana Mkuu na waliokuwa wapinzani wake. Kisiwa ni kidogo. Anayeshindwa leo utakutana naye kesho sokoni, msikitini na mazikoni.

Visiwa vyetu vinalijua hilo. Mwaka 1995 matokeo rasmi ya urais wa Zanzibar yalitofautiana kwa chini ya nusu ya asilimia moja, na majeraha ya uchaguzi ule yaliuguzwa kwa miaka mingi, mpaka wananchi walipoikubali serikali ya umoja wa kitaifa katika kura ya maoni ya Julai 2010. Pale ambapo watu wanakaribiana kiasi hicho, hakuna upande unaoweza kutawala kwa kuufuta mwengine. Na serikali inayoshirikisha wapinzani inahitaji zaidi, wala si pungufu, mipaka ya madaraka iliyoandikwa na kujulikana na wote.

Kwa hiyo, wananchi, mgombea anapokuja barazani kwenu, wa mrengo wowote, msimuulize tu atajenga nini. Muulizeni fedha zitatoka wapi, na kama bei ya karafuu ikianguka au watalii wasije, ni ahadi ipi itakayosubiri. Muulizeni pia katika chama chake nani ana kauli ya mwisho, wamepatana vipi na washirika wao, na mapatano hayo yameandikwa wapi. Akijibu, mpimeni kwa majibu yake. Akicheka na kuwaambia hayo ni mambo ya baada ya ushindi, basi mkumbuke viti 60 vya Mauritius na miezi tisa iliyofuata.